Mshika Kiti wa Bongwe

Tsofa Shutu hajawahi kukalia kile kiti hata mara moja, na katika miaka yake hamsini na mitatu hakuna jambo analojivunia kuliko hilo. Wenzake hujivunia watoto waliowasomesha, au nyumba ya mawe, au hata mbuzi. Yeye hujivunia makalio yake, kwamba ni safi, hayajagusa. Nimemsikia akiyasema hayo mbele ya wageni, mkono kifuani, macho yamemlegea kwa utamu wa maneno yake mwenyewe. Kila nikimsikia hutaka kucheka, kisha hukumbuka alivyomfanyia mama yake, na sicheki.

Kiti chenyewe nakijua kuliko yeye, kwa sababu nilikitengeneza mimi. Mimi ni seremala hapa Bongwe, na karakana yangu iko hatua chache tu kutoka kanisani. Hoteli moja ya Diani ilikuwa ikibomoa vyumba vyake vya zamani na kutupa mbao za vitanda, mvule mtupu, nami nikaenda na mkokoteni nikazizoa. Wiki hiyohiyo Pasta akanijia. Askofu anakuja kutoka Nairobi kuliombea paa jipya la kanisa letu, Hema la Uzima, na haiwezekani mtu mkubwa kama yule akalishwe kwenye benchi kama sisi. Basi nikatengeneza kiti chenye mgongo mrefu na mikono miwili, nikakivalisha mahameli nyekundu. Mbao zilizobaki, nyingine nilijengea banda la kuku, na kipande kimoja kizuri nikamchongea jirani yetu Mwanarusi mbuzi ya kukunia nazi. Nyumba ya Mwanarusi inatazamana na mlango wa kanisa. Ni Mwislamu wa swala tano, na kila siku ya Mungu hukalia ndugu wa kile kiti akikuna nazi ya wali, wala sijasikia kwamba amepata upako. Kuku wangu pia hawajapata.

Askofu alikuja, miaka sita sasa. Alihubiri, akakaa, kwaya ikasimama kuimba. Wakati kwaya inaimba niliona nje mtu mnene anakuja mbio kwa mlango wa upande. Mimi nilikuwa huko nyuma nikikaza bawaba za mlango wa choo, maana choo nacho kilikuwa kimetengenezwa upya kwa ajili ya mgeni. Alikuwa ni yeye Askofu, jasho linamtoka. Akaniuliza, "Fundi, choo iko wapi?" Nikamsogezea mlango. Alikaa humo kitambo. Alipotoka, dereva wake alikuwa tayari anampungia mkono kwamba ndege inamngoja Ukunda, naye akapita nyuma ya jengo, akaingia garini, akaenda zake. Kwaya ilikuwa bado haijamaliza wimbo.

Ndani ya kanisa mambo yalikuwa yamechukua sura nyingine. Kumbe kabla hajatoka, Askofu alikuwa amewageukia wazee wa kanisa walioketi nyuma yake akawaambia, "Nishikieni hicho kiti, narudi sasa hivi." Watu wa bara husema hivyo kwenye basi na kwenye mkahawa. Maana yake ni asikae mtu hapa kwa dakika tano. Lakini aliyekuwa karibu zaidi ni Tsofa, na Tsofa alikishika kiti kweli, kwa vidole kumi. Ibada ikaisha, watu wakala pilau, viongozi wakaenda makwao, yeye bado amesimama pale ameshika mgongo wa kiti. Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya kanisa akatangaza, "Baba Askofu amesema narudi. Siku hakuitaja." Wamama wawili wakaitikia amina, na mambo yakaanzia hapo.

Nimejiuliza sana ilikuwaje mtu mzima akapumbazika namna ile, na sasa nadhani najua. Tsofa alifanya kazi miaka kumi na tisa kwenye hoteli ya ufuoni. Kazi yake ilikuwa kupanga vile viti virefu vya kulalia kando ya bwawa, kuvitandikia taulo, na kuwashikia wageni wakienda kuogelea au kula. Mgeni akisema umshikie kiti, unakishika, hata akilala chumbani mpaka jioni. Mfanyakazi akionekana amekikalia, hata kwa kufunga kamba ya kiatu, siku hiyohiyo anarudi kwao. Kwa hiyo alipopunguzwa kazini alitoka na ujuzi mmoja tu duniani, ujuzi wa kusimama karibu na kiti cha mtu mwingine. Aliingia kanisani akitafuta Mungu, akaachiwa kiti kitupu, akajihisi amefika nyumbani.

Kwanza alikifunika nailoni. Kisha akakitandikia kitambaa cheupe, kisha chekundu, kisha cha buluu, na kila kitambaa kikawa na mwezi wake. Akajitengenezea beji ya kuning'iniza shingoni iliyoandikwa MSHIKA KITI. Kanisa lilikuwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, sasa likawa na mshika kiti, na siku za kikao yeye ndiye alikuwa wa kwanza kupeana mikono. Watu wakaanza kuapa kwa kile kiti. Watoto wenye homa wakaletwa waguse mguu wake wa mbele wa kulia, si wa kushoto. Picha yake ikawa kwenye simu za watu, na dereva mmoja wa tuktuk akaibandika kwenye kioo cha mbele, mahameli yangu nyekundu ikapita mitaani Ukunda kutwa kucha. Hatimaye Tsofa akatoa sheria, kwamba maadamu Askofu hajarudi, kiti kingine chochote chenye mikono kisiingie kanisani. Benchi sawa, kigoda sawa. Mikono ni ya Askofu peke yake. Pasta hakupinga, kwa kuwa Jumapili watu walikuwa wanajaa.

Mara moja nilimwambia. Nilimwita kando nikamweleza kwa upole, "Tsofa, ndugu yangu, yule mtu alikuwa anakimbilia chooni. Nilimfungulia mlango mimi mwenyewe."

Alinitazama kwa huruma. "Fundi," akasema, "wewe dunia yako ni misumari. Mambo mengine huwezi kuyaona."

Nikanyamaza. Na si kunyamaza tu. Mahameli ilipochakaa, mimi ndiye niliyeibadilisha, tena mara mbili, tena nilikaza misumari kwa uangalifu ili isionekane. Kwa hiyo nikimdharau Tsofa, na namdharau sana, dharau hiyo kipande chake kimoja ni changu.

Sasa nieleze kuhusu mama yake. Bi Chiku alimlea Tsofa kule upande wa Kinango, baba yake, Mzee Shutu, akiwa amekufa mapema. Alimlea kwa makaa aliyochoma mwenyewe na mahindi ambayo mara nyingi mvua ilimnyima. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na koma mbili, vile vigogo vilivyochongwa vya kuwakumbuka waliokufa, kimoja cha Mzee Shutu na kimoja cha babu yake Tsofa. Bi Chiku alivifunga vitambaa shingoni, cheupe, chekundu na cha buluu, na siku ya jambo kubwa alimwaga pale tembo la mnazi kidogo, akampa mumewe habari za nyumbani, kisha akaondoka kwenda shambani. Hakuwahi kusimama pale kutwa nzima. Hakuvaa beji.

Tsofa alipookoka alikwenda kwao na Pasta na shoka. Akazing'oa koma zote mbili mbele ya mama yake, akazipasua, akaziwasha moto, na watu wakaimba. Ni desturi kwamba wageni hawaondoki bila kunywa kitu, basi Bi Chiku akateka maji, akaweka sufuria juu ya moto uleule, akawapikia chai. Nilikuwepo, nilikwenda na kwaya. Nilikunywa chai iliyochemshwa kwa kuni za Mzee Shutu, na mjane wake ndiye aliyenimiminia. Alisema neno moja tu: "Kama Mungu wako hakai ndani ya mti, mwanangu, basi mimi sina ugomvi naye." Mwaka uliofuata alibatizwa. Hakuna aliyemlazimisha. Kila Jumapili alikuwa akitembea mwendo wa saa nzima kwenda kanisa dogo la kwao, na alichopenda kuliko vyote ni meza ya Bwana, ule mkate mdogo na kile kikombe, kwa sababu, kama alivyoniambia, pale mtu haombi habari zake zipelekwe na mwingine.

Mwaka jana aliteleza akitoka kuteka maji, akavunjika nyonga. Alilazwa hospitali ya Msambweni, akatiwa chuma, na Tsofa akamleta kwake Bongwe. Daktari alisema wazi, mbele ya Tsofa na mke wake Hannah, kwamba asikae chini wala kwenye benchi lisilo na mgongo. Akae kwenye kiti cha juu chenye mikono, ili akiinuka ajishike. Vinginevyo chuma kitahama na hatatembea tena.

Bi Chiku alikuwa na ombi moja. Alitaka Pasaka ashiriki meza ya Bwana, akiwa ndani ya kanisa, amekaa pamoja na watu. Pasta alijitolea kumpelekea nyumbani, akakataa. "Mimi si mgonjwa wa kupelekewa uji," alisema. Akanitumia salamu niende nimwone.

Nikaenda. "Shikamoo, Bi Chiku."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia wewe ndiwe uliyetengeneza kile kiti cha mwanangu."

"Ndimi, mama."

"Basi nitengenezee na mimi. Kisiwe na nguo nyekundu. Kiwe na pa kushika."

Nilikuwa nimebakiwa na mbao moja ya zile za hoteli. Nikatengeneza kiti cha kadiri, kigumu, chenye mikono iliyolainishwa vizuri isimchome. Asubuhi ya Pasaka nikakibeba kichwani mpaka mlango wa kanisa, na mlangoni nikamkuta Tsofa na beji yake.

"Hicho hakiingii," akasema.

"Kwa nini?"

"Kina mikono."

"Ni cha mama yako, Tsofa."

"Najua ni cha nani. Sheria haina mama. Kata mikono, kiingie."

"Nikikata mikono atashika nini akiinuka?"

"Atamshika Bwana," akanijibu, bila kupepesa macho.

Niliweka kiti chini, nje, kando ya ukuta, nikaingia nikakaa benchi la nyuma. Ningeweza kumsukuma. Yeye ni mwembamba, na mimi kila siku nabeba mbao. Sikumsukuma. Nilijiambia ni siku ya Pasaka, tusifanye fujo. Ndivyo mtu mwoga anavyojiambia.

Bi Chiku akaingia na magongo yake, Hannah akimshika kiuno. Wakamkalisha benchi la mbele. Sala ya kwanza ilipita, nyimbo mbili zikapita, na mimi kutoka nyuma niliona mgongo wake unavyotetemeka. Meza ya Bwana ilikuwa bado, imefunikwa kitambaa. Mbele yake, hatua nne tu, kilisimama kile kiti chekundu ndani ya nailoni yake, kitupu, kama kilivyokuwa kitupu kwa miaka sita. Wimbo wa tatu ukaanza. Bi Chiku akainuka, akapiga hatua zake nne, akageuka polepole, akashika mkono mmoja wa kiti, kisha wa pili, akakaa.

Nailoni ililia. Wimbo ukakatika kama redio iliyoishiwa betri. Naapa nilisikia vizuri mwanamke huyo alivyovuta pumzi ya kupumzika.

Tsofa alifika pale mbio. "Mama, inuka."

"Naumwa, mwanangu."

"Mama, hapo ni pa Askofu."

"Akija nitampisha."

"Inuka, Mama, watu wanatazama."

Bi Chiku aliinua macho. Hakupandisha sauti, lakini kanisa lilikuwa kimya, sote tulisikia. "Tsofa, uliniambia baba yako ni gogo tu. Nikakubali. Nikakupikia chai kwa kuni zake. Sasa niambie, na hili nalo ni nini?"

  Tsofa alimtia mikono kwapani akamnyanyua, mama yake mzazi mwenye chuma nyongani, na Bi Chiku akapiga ukelele mmoja ambao mpaka leo nausikia nikiwa nakata mbao. Akamrudisha kwenye benchi. Kisha, na hapa ndipo ningetaka kila mtu anayemwita mzee wa kanisa awe alikuwepo, akatoa kitambaa chake cheupe mfukoni akaanza kukifuta kiti. Alifuta mikono yote miwili, akafuta pa kukalia penyewe, akainama akafuta na miguu ambayo mama yake hakuigusa. Akaleta maji yenye dawa ya kuua wadudu akarudia. Bi Chiku alikuwa benchi la mbele, hatua nne, akimtazama. Pasta akaongoza sala ya kukitakasa kiti. Nyonga haikuombewa.

Mimi nilikuwa nimekaa benchi la nyuma. Sikuinuka. Nataka na hilo lijulikane.

Aliyeinuka hakuwa Mkristo. Mwanarusi alikuwa amesikia ule ukelele akiwa jikoni kwake, akaja na mikono yenye machicha ya nazi, akasimama mlangoni kwa heshima, hakuvuka kizingiti. Bi Chiku akamwona. Akaokota magongo yake, akajitoa mikononi mwa Hannah, akampita Tsofa bila kumtazama, akatoka nje bila kushiriki. Mwanarusi akakiona kiti changu kando ya ukuta. Akakibeba, akakivusha njia, akakiweka barazani kwake. "Starehe, bibi," nikamsikia akisema. "Hiki ni cha kukalia."

Bi Chiku hakurudi kwa mwanawe. Usiku ule alilala kwa Mwanarusi, na uliofuata, na wiki iliyofuata. Hapo ndipo Tsofa alipoanza kuhangaika, na usidhani ni kwa uchungu wa mama. Ilikuwa aibu. Mama wa Mshika Kiti analala kwa Mwislamu, Jumapili amekaa barazani mkabala na mlango wa kanisa, kila anayeingia ibadani lazima amwamkie. Hannah alimpelekea uji kila asubuhi bila kuomba ruhusa ya mumewe. Pasta na wazee wakaenda kumbembeleza, na Tsofa nyuma yao. Nami nilikuwepo, nilikuwa nikimwekea Mwanarusi komeo la mlango.

"Bi Chiku, rudi nyumbani," Pasta alisema. "Shetani asitugawanye."

"Kwetu," akamjibu, "mtu akipandwa na pepo, waganga humwita kiti. Pepo anakaa juu yake, naye anafanya anayoambiwa. Mimi nimewaacha hao waganga, Pasta, wewe mwenyewe uliniambia niwaache. Lakini pepo wa mwanangu huyu sijapata kumwona. Amepanda mbao, na mbao imempanda yeye."

Mwanarusi aliingia ndani upesi, nadhani alikwenda kucheka. Pasta akatazama viatu vyake. Tsofa akasema mama anakufuru.

"Sina maneno mengi," Bi Chiku akaendelea. "Nitarudi, kwako na kanisani, siku mwenye kiti atakapokuja. Aniambie kwa kinywa chake mwenyewe, mama, hapo huruhusiwi. Hapo nitajua nilikosa, nami nitaomba radhi mbele ya watu wote."

Basi Tsofa akamwandama Askofu kwa simu. Alipokelewa kila mara na msichana wa ofisini, Cynthia, aliyemjibu kwa Kiswahili chao cha Nairobi: "Mzee, Askofu ako bize sana. Lakini amesema atawacheki." Hilo neno atawacheki Tsofa alilileta kanisani kama ufunuo. Tulilifungia siku tatu. Watu walikaa na njaa kwa ajili ya neno hilo, na sikuwa na moyo wa kuwaambia kwamba maana yake ni atawatafuta siku akikumbuka.

Mwezi wa nane Askofu akaja. Hakuja kwa ajili yetu. Kulikuwa na harusi ya matajiri kisiwani Chale, na boti ya kuwavusha wageni ilikuwa ya mchana, kwa hiyo alikuwa na nusu saa ya kupoteza. Cynthia akapiga simu asubuhi, na Bongwe nzima ikawa na habari kabla chai haijapoa. Tsofa alikivua kiti nailoni kwa mara ya kwanza tangu Pasaka. Alivaa suti. Alikwenda mpaka barazani kwa Mwanarusi, akasimama mbali kidogo, akamwambia mama yake, "Leo anakuja mwenyewe." Bi Chiku akasema, "Vizuri. Nipo hapa."

Askofu aliingia kanisani na miwani ya jua kichwani. Alikuwa amenenepa zaidi. Tsofa akapiga magoti palepale mlangoni, machozi yanamtoka. "Baba Askofu, kiti chako hiki. Nimekishika."

Askofu akatazama huku na huku. "Kiti gani?"

Kanisa zima lilisikia. Kiti gani. Pasta akajaribu kueleza, akababaika, Tsofa akamsaidia, kwamba miaka sita iliyopita, wakati wa kwaya, Baba alisema nishikieni hicho kiti, narudi. Askofu alikunja uso akifikiri, kisha akakumbuka, akacheka mpaka akashika tumbo. "Aki nyinyi watu wa Pwani! Mzee, si nilikuwa naenda tu choo! Si mngekaa tu?"

Baadhi ya watu walicheka naye, kwa adabu. Mimi sikucheka. Nilimtazama Tsofa, na mbele ya Mungu, kwa mara ya kwanza nilitamani jambo jema limpate. Nilidhani sasa ataamka, ataivua ile beji, atavuka njia ampigie mama yake magoti. Lakini Askofu aliona kamba ya kiatu chake imelegea, naye kwa unene wake hawezi kuinama. Akainua mguu, akaukanyagisha juu ya mahameli nyekundu, akafunga kamba. Akauliza kama ile choo bado iko. Akaenda, akarudi, akaagana nasi, gari likaondoka kuelekea kwenye boti. Nusu saa yake haikuwa hata imekwisha. Habari za Bi Chiku hakuna aliyemwambia, na barazani kwa Mwanarusi hakutazama.

Nilivuka njia upesi nikakae na mama yule asiisikie habari peke yake. Mwanarusi alikuwa kibarazani pale chini, juu ya mbuzi yake, anakuna nazi. Haukupita muda Tsofa akaja. Uso wake uling'aa. 

"Mayo," akamwita, kama alivyomwita utotoni huko Kinango. "Amekuja."

"Nimeona gari. Amesema nini juu yangu?"

"Hatukupata nafasi ya hilo."

"Juu ya kiti, je?"

Tsofa akasitasita. "Amesema... amesema si mngekaa tu."

 Mwanarusi aliacha kukuna. Nilimwona mama yule anaweka mikono yake miwili juu ya mikono ya kiti changu, tayari kujiinua, na uso wake ukawa laini kabisa. Alikuwa anamsamehe. Alikuwa tayari kumsamehe kila kitu. "Basi mwanangu," akasema, "Jumapili ya meza ya Bwana nitaweza kuja kukaa pale?"

"Ingewezekana, Mama. Ila sasa haiwezekani tena." Akasogea karibu, akashusha sauti kwa furaha. "Amekanyaga pale kwa mguu wake. Unyayo umebaki, Mama, vumbi lote, mpaka mistari ya soli inaonekana. Nimeshaufunika kwa nailoni mpya."

"Hukufuta?"

"Nitafutaje, Mama?"

"Mimi ulinifuta," Bi Chiku akasema.

 Tsofa akaishika beji yake. Alisimama pale kitambo, mtu mzima ndani ya suti, akisubiri aambiwe la kufanya, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

"Fundi," Bi Chiku akaniita, "nigeuzie kiti."

Nikamsaidia kusimama, nikakigeuza, mgongo wa kiti ukaelekea kanisani na yeye akaelekea jikoni kwa Mwanarusi. Akakaa, akashika mikono yote miwili. Mwanarusi akaendelea kukuna nazi.